Bibi Subiri na Koo la Kasuku

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kibandiko kifuani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Pale zahanati ya watoto kila mtu alimwita Bibi Subiri, na yeye aliitika kama vile ndilo alilopewa na mama yake mzazi.

Alikuwa tabibu. Matumbo alitibu, masikio alitibu, upele nao alitibu, ila makoo ndiyo yaliyomjaza chumba, hasa miezi ya vumbi. Chumba chenyewe kilikuwa na meza, viti viwili, kitanda chenye godoro la plastiki lililopasuka pembeni, na ukutani twiga aliyechorwa na mtu aliyejua kupaka rangi kuliko kuchora. Shingo ya twiga ilikuwa imebanduka, maana watoto waliikwangua kwa kucha wakingoja zamu yao.

"Huyu naye anaumwa koo?" mtoto huuliza.

"Tena sana. Na koo lote lile! Hebu mwonyeshe lako alinganishe."

Mtoto akicheka tu, tochi ishaingia.

Lakini kabla ya tochi, Bibi Subiri hutazama. Hutazama mtoto anavyoingia, anavyomeza mate, kama anameza kwa kukunja uso au anayaacha yamchuruzike. Mwenye kikohozi, makamasi na sauti iliyokauka hamsumbui sana kichwa. Hayo ni mafua, yatakuja na yatakwenda zake. Anayemtia wasiwasi ni yule mwenye homa asiyekohoa hata kidogo, tezi zimemvimba chini ya taya kama kunde mbichi, na kooni mafindofindo yametuna na kushika madoa meupe. Huyo hapewi dawa wala hafukuzwi. Huyo hupitishwa kijiti cha pamba nyuma kabisa ya koo, kushoto na kulia, halafu kijiti kinapelekwa chumba cha pili kwa fundi wa maabara.

"Tusubiri kipimo," atasema. Na hapo ndipo jina lilipotokea.

Benchi la nje lilikuwa na midomo.

"Ukiingia kwa huyo beba na godoro."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Hapa inaumiza makoo, shoga yangu."

"Nimesikia!" sauti hutoka nyuma ya pazia. "Na mwenye pupa hadiriki kula tamu!"

Benchi lote huangua kicheko, na mwenye kipimo hutulia akangoja. Mstari mmoja kwenye kipimo, mtoto anarudi nyumbani na dawa ya homa, maji ya uvuguvugu na pole. Mistari miwili, anapewa dawa ya kuua vijidudu, na mama anaapishwa ataimaliza yote hata mtoto akianza kuruka kamba.

Hakuwa na subira ya bure. Alipoanza kazi, mahali pengine, kila koo lilipewa vidonge kama watu wanaogawiana karanga. Akaona mtoto aliyevimba midomo na kuota vipele mwili mzima kwa dawa ambayo hata hakuihitaji. Akaona mwingine ambaye ugonjwa wake haukusikia dawa yoyote tena. Dawa ikizoeleka, alikuwa akisema, ni kama mlinzi aliyezoeana na mwizi: wanasalimiana getini.

Hayo ni ya upande mmoja. Upande wa pili alikuwa mdogo wake, fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kobe.

Kobe aliishi naye. Utotoni alikuwa akiumwa koo, likipona anarudi kucheza, likirudi anaumwa tena, na wazazi wakasema watoto ndivyo walivyo. Baadaye yakaja magoti, leo hili kesho lile. Nayo yakapona. Alipokuwa kijana ndipo ilipojulikana kwamba ule ugonjwa wa koo ulikuwa umepita hadi moyoni na kuuharibu mlango mmoja wa moyo, ukawa haufungi sawasawa. Sasa alikuwa mtu mzima wa kulalia mito mitatu, na ngazi za nyumbani alizipanda kwa vituo, kila kituo na utani wake.

"Mwendo wa Kobe," alikuwa akisema huku akihema, "lakini nyumba yangu sijaiacha chini kama wenzangu."

Kwa hiyo tabibu alitembea katikati ya hofu mbili, ya kutoa dawa ovyo na ya kuacha koo lipite. Kijiti ndicho kilichomshika mkono. Kikisema ndiyo, anatoa. Kikisema hapana, analala usingizi.

Halafu akaja Kasuku.

Kasuku alikuwa binti wa dobi, mwanamke mwembamba aliyefua na kupiga pasi nguo za watu kwenye kibanda nyuma ya soko. Mikono yake ilinuka sabuni hata akiwa hajashika maji. Mtoto alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo: alizungumza kuanzia anaamka, akazungumza na pasi, na ndoo, na mashati ya wateja yaliyotundikwa kambani. Akinyamaza, mama yake alijua kuna jambo.

Mara ya kwanza aliletwa kimya, ana homa, hakohoi. Gauni limenyooshwa mpaka mikunjo inaweza kukata kidole. Soksi nyeupe pe. Tabibu akachungulia, koo jekundu, akapitisha kijiti. Mstari mmoja.

"Si ule ugonjwa wenyewe," akamwambia mama. "Atapoa."

Akapoa. Baada ya muda akarudi, vilevile. Mstari mmoja. Akarudi tena. Mstari mmoja. Dobi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema asante, akambeba mwanawe, akaondoka. Lakini mara ya tatu hiyo hakusema asante.

Mara ya nne alikuja asubuhi zahanati ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Kasuku alikuwa amelala begani, gauni jingine, pasi ileile. Benchi likampisha bila kuulizwa.

Tabibu aligusa shingo, akakuta tezi zimejaa na mtoto akajikunja. Akawasha tochi. Mafindofindo yalikuwa yamekaribia kugusana, yana madoa meupe kama punje za mchele. Homa juu. Kikohozi hakuna, kamasi hakuna. Kila alama aliyofundishwa na kila alama aliyojifunza mwenyewe ilikuwa pale, imekaa mbele yake kitandani na soksi nyeupe.

Akapitisha kijiti, kisha cha pili cha akiba. Kasuku akalia bila sauti. Vikaenda maabara.

Fundi wa maabara alirudi mwenyewe, tumbo mbele, kipimo mkononi. Kwa kawaida aliimba jibu. Leo hakuimba.

"Mmoja."

"Rudia."

"Nimesharudia, dada. Kile kijiti cha pili ulichonipa nacho ni hivyohivyo. Kijiti hakidanganyi."

Dobi alikuwa amesikia. Akasimama.

"Mara hii sitaki kusubiri," akasema. Hakupaza sauti. "Daktari, mimi najua kusubiri. Nasubiri nguo zikauke, nasubiri mvua iishe, nasubiri wateja walipe. Lakini mtoto huyu anaisha mikononi mwangu. Kama hujui anachoumwa, niambie hujui. Nitakwenda dukani ninunue vidonge vyovyote, liwalo na liwe."

Tabibu aligeuza macho. Aliona kabatini dawa ilipo. Alimwona Kobe kwenye kituo chake cha pili cha ngazi, mkono ukutani. Akajiambia: jicho langu linasema ndiyo, kijiti kinasema hapana, na mmoja kati yetu anakosea.

"Nipe dakika moja," akasema. "Si subiri. Dakika moja tu nimtazame tena."

Kasuku alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakutaka tena tochi, hakutaka kijiti, hakutaka twiga.

"Haya," tabibu akasema, akachuchumaa usoni kwake. "Kijiti hakuna. Unamjua simba? Simba akiumwa koo anafanyaje?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Anafanya hivi." Akataka kunguruma, lakini barakoa ilimziba nusu ya uso na simba mwenye barakoa hamtishi mtu. Akaishusha kidevuni, akatoa ulimi wote, akanguruma mpaka benchi la nje likanyamaza.

Kasuku akashusha viganja. Akatoa ulimi naye, akanguruma kidogo, mngurumo wa paka, pua kwa pua na tabibu.

Bibi Subiri akabaki pale pale amechuchumaa.

Koo lenye ugonjwa ule hunuka. Miaka yote kabla ya barakoa alikuwa akiijua harufu hiyo tangu mlangoni, nzito, chachu, kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo ya maji. Pumzi ya mtoto huyu ilinuka mnanaa, tena mkali, kama duka la dawa lililofagiliwa sasa hivi.

Akageuka taratibu.

"Mama. Leo amepiga mswaki?"

Dobi alishangaa kuulizwa. "Kwani mimi namleta mtu hospitali hajapiga mswaki?"

"Na baada ya mswaki?"

"Baada ya mswaki anasukutua."

"Maji?"

"Maji gani tena! Dawa ya kusukutua, ile ya kijani, inayoua wadudu wa mdomoni. Nilinunua chupa kwa ajili ya kuja hapa tu, siku nyingine haguswi nayo." Sasa alikuwa anasema kwa fahari kidogo, hata katikati ya hasira. "Anasukutua mpaka kooni, mara mbili, ya tatu pale getini kabla hatujaingia. Daktari, mimi ni dobi. Nguo za watu zinameta kwa mikono hii. Mwanangu akufungulie mdomo unanuka, utasema mama yake ni mtu wa namna gani?"

"Kila mara mliyokuja?"

"Kila mara."

Fundi wa maabara, aliyekuwa bado mlangoni, alijipiga paji la uso. "Tumekuwa tunapima chupa," akasema.

Ndipo dobi alipoelewa. Ilimfikia polepole, ikaanzia machoni. Aliketi kwenye kiti.

"Nimemsafisha," akasema. "Nimemsafisha mwenyewe."

"Hapana, mama, sikiliza." Tabibu alivuta kiti cha pili, akaketi naye goti kwa goti. "Wewe umefanya kazi yako. Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Mara nne nimemchungulia mwanao na sijauliza hata mara moja amekula nini, amesukutua nini. Nimewauliza watu habari za homa, za choo, za usingizi. Hilo sikuuliza. Na niliziona hizo soksi."

Dobi akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa?"

Tabibu alisita, maana alijua neno linalokuja. Fundi wa maabara akalisema kwa niaba yake, kwa upole: "Sasa, mama, itabidi tusubiri."

Dobi alimtazama, kisha akamtazama Bibi Subiri, na kitu kama kicheko kikamtoka puani pamoja na machozi. "Nyie watu," akasema.

"Mpaka mchana tu," tabibu akasema. "Mpeni maji ya kunywa, basi. Na nakuahidi kitu: kijiti kikisema hapana tena, mara hii nitaliamini jicho langu. Dawa ataondoka nayo."

Wakakaa ndani, kwenye kona ya chumba, Kasuku amelazwa kitandani mdomo wazi. Watoto wengine walikuja na kwenda, wakamwonyesha twiga makoo yao. Katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine tabibu aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Aliwahi kulalamika viungo? Goti, kifundo cha mguu?"

"Mwezi uliopita goti lilimvimba. Nikajua ameanguka akicheza, mtoto huyu hatulii. Siku chache likaisha, akaanza kulalamika kifundo. Nacho kikapona chenyewe." Dobi akanyanyua uso. "Kwa nini?"

Tabibu alivuta karibu chombo chake cha kusikilizia moyo. "Nitakueleza," akasema. "Ngoja kwanza nipime."

Mchana alipoinama na kijiti, harufu ilikuwa imerudi. Dobi aligeuza uso ukutani kwa aibu. "Nisamehe, daktari, ananuka."

"Ananuka vizuri sana," Bibi Subiri akasema.

Fundi wa maabara hakuhitaji kurudi. Aliimba kutoka kulekule: "Miwiliii!"

Dawa Kasuku alipewa palepale. Dobi alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake, uso umefunguka, tabibu alipomwomba akae tena. Akamweleza yote bila kuficha: kwamba ugonjwa huu ukiachiwa mara nyingi huweza kuvuka kutoka kooni ukaenda kwenye viungo, na viungo hupona, lakini pia huweza kwenda moyoni, na moyo hausahau. Kisha akakipasha moto kikombe cha chombo chake cha kusikilizia kwenye kiganja, akakiweka kifuani mwa mtoto, akafumba macho.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Moyo wa mtoto mwenye homa hukimbia, na kinachokimbia ni vigumu kukisikia vizuri. Mara alidhani kuna kitu, mara akadhani hakuna.

"Sina hakika," akamwambia dobi. "Uliniambia nisipojua niseme. Mtakwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa moyo, wampige picha. Keshokutwa. Nitawapigia simu mimi mwenyewe leo."

Jioni hiyo alifika nyumbani, akamkuta Kobe amekaa mlangoni anashona soli. Hakumsalimu. Alitoa chombo chake mkobani.

"Fungua vifungo."

"Dada, salamu kwanza! Hata polisi hubisha hodi."

"Fungua."

Akasikiliza. Pale palikuwa na ile sauti yake ya siku zote, baada ya pigo la kwanza, kama mtu anayevuta msumeno kwenye ubao laini, tena na tena. Tangu asomee kazi hii alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko sauti nyingine yoyote.

"Unatafuta nini humo?" Kobe akauliza. "Kelele zote ziko palepale, hazijahama."

"Nataka kuikumbuka vizuri. Kuna mtoto leo sikuwa na hakika."

Kobe akaacha sindano. Alikuwa mtu wa utani, lakini alijua mahali utani unapokomea. "Umri gani?"

"Ndiyo kwanza ameota meno ya mbele ya ukubwani."

"Basi sikiliza mpaka utosheke," akasema, akanyoosha kifua. Baadaye akaongeza, "Mimi hapakuwa na mtu wa kukosa hakika, dada. Wote walikuwa na hakika. Walisema yatapita."

Aliendelea kusikiliza ingawa alikuwa amekwisha kukumbuka.

Daktari wa moyo alipiga picha, na dobi akarudi nayo zahanati bila kupitia nyumbani, akapita benchi lote, akaingia bila zamu, na benchi halikunung'unika. Milango ya moyo wa Kasuku ilikuwa inafungika. Mmoja tu ulikuwa umeguswa kidogo, kama mlango uliogongwa na mtu akaondoka kabla hajafunguliwa. Kwa sababu hiyo na kwa sababu ya lile goti, mtoto angechomwa sindano kila mwezi kwa miaka mingi, ugonjwa usipate nafasi ya kugonga tena.

"Miaka mingi," dobi akarudia.

"Mingi," tabibu akasema. "Lakini atapanda ngazi."

Dobi hakujua habari za ngazi, wala hakuuliza. Alitikisa kichwa kukubali, akamnyoosha mtoto ukosi.

Sindano ya kwanza Kasuku alimng'ata muuguzi. Ya pili alipiga mayowe mpaka fundi wa maabara akazima redio yake kwa heshima. Alipozizoea, koo likiwa zima, mdomo ulirudi na deni lote la siku za ukimya. Alimweleza kila aliyekaa benchini ukubwa wa sindano, na akauonyesha kwa mikono, na kila mwezi ilikuwa inarefuka.

Siku moja ya sindano, benchini aliketi mama mgeni na kijana wake mdogo mwenye homa. Mama akatoa mswaki kwenye mkoba na chupa ya maji, akaanza kumvuta mtoto pembeni.

Dobi akamshika mkono.

"Dada, acha. Mwingize hivyohivyo."

"Lakini ananuka, dada'angu. Kwa daktari nitaficha wapi uso?"

"Mwache anuke. Nisikilize mimi, nimefua mpaka nikafua nisichotakiwa kufua."

"Halafu humo ndani kuna simba," Kasuku akamwambia yule mtoto. "Ni mwanamke. Usiogope, meno yake ya juu mawili hayapo. Atakwambia toa ulimi, na wewe toa wote, usitoe nusu, mimi nilitoa wote, halafu kuna twiga anaumwa, lakini huyo haponi, nimeshamtazama."

Nyuma ya pazia Bibi Subiri aliyasikia yote, pamoja na hilo la meno. Alisikia mswaki ukirudishwa mkobani na zipu ikifungwa.

"Anayefuata!" akaita, na kabla hawajaingia akaishusha barakoa kidevuni.